Misamaha ya Masika

Alhamisi, 28 Machi 2024

Mwisho wa mwezi, na mafaili ya wanaoomba msamaha wa bili ya hospitali yamejaa meza yangu nzima. Mhasibu kapita mara mbili. Haingii. Anasimama mlangoni, analitazama rundo, anaondoka. Anajumlisha kichwani, namjua.

Leo nimesaini mawili tu. Bibi mwenye sukari na kidonda cha mguu, anaishi peke yake, wanawe wote kawazika mwenyewe. Huyo nimemfutia yote. Na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, nusu. Nusu nyingine ndugu zake wamechangishana palepale kwenye benchi, bila kunung'unika.

Fomu inataka niulize mtu anakula milo mingapi kwa siku. Siulizi hivyo. Mtu mzima, mbele ya mwanawe! Nauliza jana mlipika nini. Aliyepika ataeleza mpaka nazi kainunua shilingi ngapi. Ambaye hakupika atasema "tulikunywa chai," atatazama pembeni. Naandika. Inatosha.

Kesho Ijumaa Kuu. Niko zamu.

Jumamosi, 30 Machi

Jana magharibi, bajaji mpaka mlango wa wazazi. Binti wa miaka kumi na tisa, uchungu kabla ya wakati, wiki thelathini kwa hesabu ya daktari. Mtoto wa kike, gramu 1,350. Muuguzi anasema alilia. Sauti ndogo, lakini alilia.

Wamempa kitanda cha dirishani, wodi ya njiti. Nimempitia leo mchana. Anakamua maziwa kwenye kikombe, matone, anayakazia macho. Nikamsalimia, akaitikia "Shikamoo dada" bila kuinua uso.

Mumewe yupo. Anabeba mizigo soko la Buguruni. Kalipa 70,000 kwenye dirisha la malipo. Nilipomwuliza umebaki na shilingi ngapi za kula, akasema, "Nitakula sokoni, dada." Sokoni ananunua au anapewa, sikuuliza.

Bima hawana. Ile kadi ya watoto ya 50,400 kwa mwaka ilikuwa ikituokoa hapa kila wiki. Tangu Machi mwaka jana mzazi hawezi kwenda kumkatia mwanawe mmojammoja, mpaka kupitia shule. Sasa huyu wa gramu elfu moja na mia tatu hamsini nimpeleke shule gani?

Jumatatu, 1 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Usiku wa manane feni ikasimama. Nikaamka kwa ule ukimya. Nje giza, kote giza, hata ule upande ambako umeme huwa haukatiki. Asubuhi ndiyo tukasikia ni gridi ya taifa, nchi nzima, na Zanzibar pia.

Lakini usiku ule nilikuwa na wazo moja: oksijeni. Zile mashine zinataka umeme. Nikampigia muuguzi wa zamu, hapokei. Tena, hapokei. Mara ya tatu kapokea, anahema.

"Jenereta imegoma mara ya kwanza, ya pili imewaka. Wawili tumewaweka kwenye mtungi. Wengine wote tumewatia kifuani kwa mama zao, dada. Kifua hakitaki LUKU."

Nililia kidogo, nikalala.

Daktari alitueleza siku moja asili ya hii njia ya kifuani, wanayoiita kangaruu. Mji wa Bogotá, Kolombia, 1978. Hospitali ya watu wa hali ya chini, vitotoleshi havitoshi, watoto wanalazwa wawiliwawili, wanaambukizana, wanakufa. Madaktari wakasema basi mama mwenyewe awe joto: ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Uhaba ndio uliowafikisha hapo, na leo dunia nzima inafanya, hata wenye mashine tele. Hilo hunipa moyo, sijui niseme vipi. Si kila kitu chema kinatoka kwa wenye nacho.

Jumatano, 3 Aprili

Mhasibu kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Karatasi mezani. Dizeli. Mitungi. Dawa tunazodaiwa. Tangu Machi mosi bei mpya za bima, kila hospitali inapiga hesabu upya, na sisi tulikuwa hatuna pa kujibana tangu zamani. Halafu akageuza ukurasa: misamaha. Jina langu chini ya kila mstari.

Si mtu mbaya. Mshahara wake wa Februari kapata nusu, kama mimi. Ana wanne wanasoma.

Kikao tarehe 19. Pendekezo lake limeshachapwa: kila njiti, kianzio cha 300,000 kabla ya kulazwa.

Nikamwuliza, asiye nayo?

"Apewe rufaa."

Kwa bajaji? Usiku? Na mvua hizi?

Hakujibu. Kavua miwani, kaifuta kwa tai.

Ijumaa, 5 Aprili

1,240. Kashuka. Wauguzi wanasema wote hushuka siku za mwanzo, tusiogope. Binti anaogopa. Kaniuliza, "Dada, anaisha?"

Kavalishwa kofia nyekundu. Tumboni kwa mamaye, kanga imekazwa vizuri. Ngozi ina manjano, watamweka kwenye mwanga.

Jumatatu, 8 Aprili

Mume haonekani tangu Ijumaa. Simu haipatikani. Bili imefika 430,000.

Wauguzi wameshasema kakimbia. Muuguzi mkuu ananihimiza nijaze fomu, ile sehemu ya "ametelekezwa", maana ukiijaza msamaha unapita haraka. Sijaijaza. Kalamu ilikuwa mkononi. Neno hilo likishaingia kwenye faili halitoki, na binti atalibeba, na mtoto atalibeba.

Nimewaona wengi wakipotea siku ya saba, siku ya nane. Wengi hawamkimbii mtoto. Wanalikimbia lile dirisha la malipo, maana kila wakipita wanaitwa kwa jina, kwa sauti, mbele za watu. Nimelisema hili kikaoni mwaka jana na nitalisema tena: jina la mdaiwa lisiitwe kwa kipaza sauti. Halitugharimu hata senti.

Leo pia habari ya barua ya mtaa. Mama mkwe wa binti kaifuata, kaambiwa hela ya karatasi kwanza. Barua ya kuthibitisha kwamba huna kitu, uinunue! Nimempa namba ya mwenyekiti ninayemjua mimi. Nimeandika pembeni ya faili: barua itafuata.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Furaha. Furaha. Naandika haraka kabla haijapoa.

Kina mama wa mtaa wa nyuma wameleta pilau, masufuria matatu, kama kila mwaka. Wagonjwa, walinzi, wauguzi, Wakristo kwa Waislamu, kila mtu na sahani yake. Nimepita wodi ya njiti na sahani ya binti, naona kanzu imesimama dirishani.

Mume! Kanzu si yake, mikono mirefu mno. Karudi na 40,000. Simu kaiuza Ijumaa ile, ndiyo maana haipatikani. Analala palepale sokoni, kwenye magunia, ili awahi malori ya alfajiri, maana mwenye kuwahi lori la kwanza hupata safari nyingi. Alikuwa anaona haya kuja mikono mitupu.

Muuguzi kamwambia anawe mikono, avue kanzu. Hakuelewa. Kavua, kakaa kwenye kiti, wakamwekea mtoto kifuani, wakamfunga kanga ya mkewe. Kifua kina alama za kamba za mizigo. Akabaki hivyo hivyo, hapumui sawasawa. Binti akaweza kulala kitandani mwenyewe, ubavu, usingizi wa kweli.

Mama mmoja wa kitanda cha tatu kasema baba kufungwa kanga ni mambo mapya. Muuguzi akamjibu joto halina baba wala mama.

1,290 leo. Anapanda.

Nimeifungua fomu, nimekitazama kile kisanduku kitupu, nimeifunga.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Wodi ya wazazi mabomba yametoka maji ya tope, wamechota kisimani.

Sijalala vizuri. Kile kikao.

Ijumaa, 19 Aprili

Niandike yote, maana kesho nitaanza kusahau nani alisema nini.

Mhasibu alianza. Kaongea vizuri, bila ukali. Hospitali isiyo na mwenye hisa haina pa kukimbilia, kasema: faida ikiwepo inarudi kwenye vitanda, hasara ikiwepo nayo inatoka kwenye vitanda. Hilo ni kweli. Nimelitikisia kichwa. Kisha kianzio.

Mjumbe mmoja kaunga mkono. Wa pili kaunga mkono. Mimi mikono inatetemeka chini ya meza.

Nikasema. Nilikuwa nimeandika karatasi, sikuitazama. Nikasema binti wa kitanda cha dirishani alikuja na 70,000. Angeambiwa laki tatu angerudi nyumbani kwa bajaji ileile, na mtoto amemviringishia kanga, na bili yetu ingekuwa sifuri. Vitabu vingekuwa safi. Nikasema wanaotoka mabondeni wanatujia sisi kwa sababu mlango wetu wanaujua, mama zao walijifungulia hapa. Siku tukiweka bei mlangoni hawatakwenda penye nafuu zaidi. Watabaki nyumbani. Na hao hatutawaona kwenye hesabu yoyote.

Kimya. Mtu kakohoa.

Ndipo Matroni mzee akaomba nafasi. Kastaafu zamani, masikio mazito, huwa anasinzia vikaoni. Leo hakusinzia. Kasema:

"Mimi nimeanza kazi hospitali za kulipia ziko. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za faida, tukabaki serikali na mashirika ya dini na ya hisani. 1991 zikafunguliwa tena. 1993 na serikali nayo ikaanza kuchangisha. Kila mara mliponiambia mambo yamebadilika, nilikuwa wodini. Mzazi hajabadilika. Anakuja usiku, anakuja kabla ya siku zake, anakuja na kanga mbili. Kama tunataka kuwa kama wale wa faida, tubandue kibao chetu pale nje kwanza, tusiwadanganye watu."

Nilitaka kumbusu mikono.

Uamuzi: kianzio hakuna kwa njiti wala kwa wazazi. Kwa upasuaji wa kupangwa, kipo. Misamaha iwe na kikomo, milioni 4 kwa mwezi kuanzia Mei. Inayozidi laki tano kwa mtu mmoja, saini mbili, yangu na ya Matroni. Salio lote, mkataba wa kulipa kidogokidogo.

Milioni nne. Machi nilipitisha sita na ushee. Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nimetembea mpaka kituoni kwenye mvua, makusudi, nipoe.

Jambo la kipaza sauti nilisahau kulisema. Nimemwandikia mganga mfawidhi barua.

Jumanne, 23 Aprili

Mtoto wa kitanda cha pili. Katutoka saa kumi alfajiri.

Gramu 980. Alikuwa anapigana.

Baba yake kaja ofisini kwangu saa mbili, kakaa, hakuomba kitu. Nilikuwa nimeshasaini yote kabla hajaingia. Nikampa karatasi ya kutokea mkononi, asipite dirishani. Kaisoma, kaikunja, kauliza, "Shilingi ngapi, dada?" Nikamwambia hakuna, baba. Kaendelea kukaa. Nami nikakaa.

Leo sina la zaidi.

Alhamisi, 25 Aprili

Maji kila mahali. Barabara ya Jangwani haipitiki. Nusu ya wafanyakazi hawajafika, waliokesha wameendelea na zamu ya mchana. Mapokezi watu wamelowa mpaka kiunoni, watoto wamebebwa begani. Waziri Mkuu kasema bungeni mvua hizi zimeua watu 155 nchini. Redio ya mlinzi ilikuwa juu, benchi zima limesikia, limenyamaza.

Magodoro ya akiba tumetoa yote. Wale waliokuja kutibiwa na hawana pa kurudi, nao nimewaandika wagonjwa. Mhasibu kaniona naandika. Akaenda stoo, karudi na mablanketi mikononi, kaanza kugawa mwenyewe. Tai ameitia mfukoni.

Ijumaa, 26 Aprili. Muungano

Miaka 60. Gwaride la Uwanja wa Uhuru tumelitazama kwenye simu ya mlinzi, dakika mbili tatu, kazi zikaita.

1,650! Ananyonya sasa, ziwani kabisa, anachoka, anapumzika, anarudi. Binti kaniita nishuhudie. Hajui kutabasamu nusu, huyu. Uso wote.

Jumanne, 30 Aprili

Mama mkwe kaja na habari iliyonikata maini. Kuna watu mtaani kwao wanakopesha, laki tatu leo, marejesho kila siku, kitanda na jiko viwe dhamana. Ndiyo hiyo mikopo ya kausha damu. Kesho anachukua.

Nikafunga mlango, nikamkalisha. Mama, shikamoo, nisikilize. Bora udaiwe hapa. Hapa hakuna atakayekuja kukubebea godoro. Kule utalipa laki tatu mara mbili, halafu mtoto akirudi nyumbani alale wapi? Kakaa kimya muda mrefu, anasokota ncha ya kanga. "Lakini deni la hospitali linatia aibu, mwanangu." Nikamwambia aibu hiyo tuigawane, mimi na wewe.

Sijui kama nimemshawishi. Nimemwomba aongee kwanza na wenzake wa kikoba.

Ijumaa, 3 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zimesimama, kila mtu anatazama angani. Mhudumu wetu wa mazingira kafunga mabati ya jikoni kwa kamba.

1,810. Daktari kapitisha: anaruhusiwa, ila upepo upite kwanza.

Kikoba kimetoa 150,000, bila riba. Mama mkwe kazileta zimefungwa kwenye leso, kaziweka mezani kwangu moja moja, kazihesabu kwa sauti ili nami nisikie. Sikumharakisha.

Jumatatu, 6 Mei

Wameondoka.

Bili 1,180,000. Wamelipa 260,000 kwa jumla. Msamaha 600,000, saini yangu, saini ya Matroni (mkono wake unatetemeka, lakini herufi zote zipo). Zimebaki 320,000, elfu ishirini kila mwezi. Mume kaweka dole gumba, kisha akaomba kalamu, akaandika na jina lake pembeni kwa herufi kubwa. Kliniki ya uzito Alhamisi, wasikose. Mtoto kifuani kwa mama, ndani ya dera. Bajaji imelipwa na wauguzi, sikuulizwa nichangie, nimekasirika kidogo.

Dirisha la malipo halina kipaza sauti leo. Mganga mfawidhi kakiondoa, wanamwendea mtu alipokaa. Hakuna aliyeniambia, nimepita nikaona waya unaning'inia.

Kitanda cha dirishani kimepata mtu saa saba mchana. Pacha. Mama kaletwa na jirani, mwenyewe hana simu wala ndugu mjini. Nimemuuliza jana walipika nini. Chai.

Na Mei ndiyo kwanza tarehe sita, na ile milioni nne nimeshaila milioni moja na laki mbili. Kwa mwendo huu haivuki tarehe ishirini. Kesho asubuhi niende Buguruni, yule baba kasema atanionyesha viongozi wa wapagazi, wana mfuko wao wa kuzikana na kuuguzana. Mchana msikitini, jioni kwa katekista. Nichukue kitabu cha risiti kwa mhasibu. Nimwombe twende wote, hesabu anazieleza vizuri kuliko mimi.